Springi za Nyuma, Barabara ya Kusini

Kabla hujafungua nati yoyote chini ya Land Rover iliyozeekea Kilwa, chukua nyundo ndogo uigonge chesisi kuanzia nyuma kwenda mbele, polepole, sikio umelitega. Chuma kizima kinalia. Chuma kilicholiwa na chumvi hakilii, na mahali pengine nyundo inazama. Mafundi wa bara hunicheka nikisema hivyo, kwa kuwa gari la Songea huzeeka kwa safari. La Kilwa Masoko huzeeka hata likiwa limeegeshwa chini ya mwembe. Bodi ya Land Rover ni ya aloi ya alumini, hailiwi na kutu, ndiyo maana unaweza kukuta 109, ile yenye chesisi ndefu, nzuri ya kupigia picha za harusi, rangi inang'aa, na chini yake huna pa kutegemeza jeki.

Alumini hiyo haikuwekwa kwa ajili yetu. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, chuma Uingereza kilitolewa kwa mgao, na alumini ya viwanda vya ndege ilikuwa inapatikana. Ndugu wawili wa kampuni ya Rover, Maurice na Spencer Wilks, wakaunda gari la shamba kwa kufuata Jeep ya jeshi la Marekani, springi za majani mbele na nyuma, wakalionyesha Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Waliwafikiria wakulima wa kwao. Kiranjeranje wakati wa masika, sidhani kama iliwajia akilini.

Gari nililoitiwa Masoko ni 109 ya Series IIA, toleo lililoanza 1961 na kwisha 1971. Lilianza kazi serikalini, likapigwa mnada, likanunuliwa na mtumishi mmoja wa ushirika wa korosho. Mzee huyo sasa ni marehemu, na mwanawe anataka kulitumia kubebea wageni wanaorudi kutoka kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani. Lilikuwa limelala upande wa kulia nyuma, kiasi kwamba mlango wa dereva ulijifungua wenyewe. Kijana akaniamkia, akanikaribisha chai, akanionyesha springi mpya alizoagiza Dar es Salaam. "Babu," akasema, "wewe toa hizo za zamani, weka hizi, mambo yaishe." Nikamwambia alete mkeka tulale wote chini, maana gari la baba yake limeshikwa na watu wengi na kila mmoja ameacha kitu chake.

Niliingia gereji Lindi mwaka 1974, nikiwa kijana wa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Tangu wakati huo nimesikia sifa nyingi za Land Rover, hasa siku hizi ambapo mabwana wa Dar es Salaam wanayakusanya magari haya na kuyapaka rangi ya maziwa. Wanasema lilidumu Kusini kwa sababu Waingereza walijua kutengeneza. Mimi sikubali. Magari mengine mengi yalitengenezwa vizuri yakafia Muhoro. Land Rover lilidumu kwetu kwa sababu springi yake ni fungu la mabamba ya chuma yanayofungwa kwa boliti moja katikati, na mhunzi wa kijijini anaweza kulifungua, kulikunja upya, kutoa jani lililokatika na kufua lingine. Sifa ni ya mhunzi. Na mhunzi alihitajika kwa sababu barabara yenyewe ilikuwa barabara kwa jina tu.

Kwa muda mrefu mizigo ya pwani hii ilitembea kwa miguu. Mfano mkubwa tunao Lindi penyewe. Tendaguru ni kilima kilicho kaskazini-magharibi ya mji, na kati ya 1909 na 1913 wataalamu wa jumba la makumbusho la Berlin, Werner Janensch na Edwin Hennig, walifukua huko mifupa ya dinosaria, kazi ya vibarua ikisimamiwa na Boheti bin Amrani, mtu ambaye kwa maoni yangu alistahili mtaa wenye jina lake hapa Lindi. Zaidi ya tani 200 za mifupa na udongo wake zilifika bandarini. Ng'ombe wa kukokota mkokoteni hawakufaa, mbung'o waliwaua. Basi kila kilo ilibebwa kichwani na begani, au ikaning'inizwa kwenye mti uliochukuliwa na watu wawili, mwendo wa siku tatu hadi nne kufika baharini. Yule mnyama mkubwa aliyesimamishwa Berlin mwaka 1937 alisafiri vipande vipande juu ya magoti ya babu zetu, na magoti hayo ndiyo springi za kwanza za Kusini.

Magari kwa wingi yaliletwa na karanga. Baada ya vita Waingereza walikosa mafuta ya kupikia, wakabuni mradi wa kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea walijenga bandari ya maji marefu Mtwara na reli ya kuziunganisha. Walileta matrekta yaliyobaki vitani, hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa mashine za kung'olea visiki. Mradi ulifungwa Januari 1951 baada ya kumeza takribani pauni milioni 36, na reli nayo ikafungwa 1962. Vitabu vya historia huishia hapo, kwenye hasara. Lakini muulize mtu yeyote wa rika la mwalimu wangu wa gereji alikojifunza kushika spana. Yeye alikuwa Mmakonde wa Newala, aliajiriwa Nachingwea kumwaga oili chafu, akaondoka akijua difu, giaboksi na kuchomelea. Karanga hazikustawi, mafundi walistawi. Tena palibaki vyuma chakavu, na chuma cha springi ya lori la kijeshi ni chuma ambacho mhunzi hawezi kukiacha kilale.

Turudi chini ya gari.

Unainua kwa jeki, unaitegemeza chesisi kwa magogo pande zote mbili, mbele ya vishikio vya springi, na jeki ya pili unaiweka chini ya difu ili ekseli isining'inie kwenye bomba la breki. Magogo yangu ni ya mpingo, masalia ya mchongaji. Hayapasuki wala hayabonyei. Shokapu sitazisemea sana. Moja ilikuwa imekufa na nyingine haikuwemo kabisa, na Kusini sijamwona aliyewahi kulilia shokapu.

Yuboliti ndizo zilizonichosha. Kwenye Land Rover hizi ekseli imekaa juu ya springi, kwa hiyo yuboliti zinalikumbatia bomba la ekseli kutoka juu, zinashuka hadi kwenye bamba lililo chini ya springi, na nati zake zinatazama ardhi. Aliyepanga hivyo alikuwa na barabara za kwao mawazoni. Barabara yetu ya zamani malori yalichimba mifereji miwili mirefu, na katikati pakabaki tuta gumu. Gari dogo likipita, nati hizo zinakwangua tuta kutoka Mbwemkuru hadi Mchinga. Thredi zinasagika, matope yanajaza, chumvi inamalizia. Usihangaike na spana ndefu. Zikate kwa msumeno wa chuma, kwani yuboliti iliyokwisha kufunguliwa hairudishwi, hata kama mwenye gari analalamika bei. Imeshavutika, haitabana tena kama awali, na springi isiyobanwa hukatikia palepale penye tundu la boliti ya katikati. Majani mengi niliyoyaona yamekatika Lindi yalikatikia hapo. Kila mtu alilaumu mashimo wakati kosa lilikuwa la nati zisizokazwa.

Springi ya kulia ilipotoka tukaiweka kwenye mkeka, nikaibana kwenye jiliwa, nikafungua boliti ya katikati. Hapo ndipo kijana aliponyamaza.

Jani la juu, lile refu lenye macho huku na huku, lilikuwa la kiwandani, lakini si la upande huo. Kiwandani springi ya upande wa dereva hukunjwa zaidi kuliko ya abiria, kwa sababu dereva yupo kila siku hata gari likiwa tupu. Hili lilikuwa la abiria. Kuna fundi alilihamisha, na simlaumu. Gari lililobeba watu nyuma mpaka wengine wamekaa juu ya magunia ya korosho halina upande wa dereva wala wa abiria. Chini yake yalifuata majani mawili ya asili, membamba, yamelika kingo. Kisha jani nene, limekatwa pembeni kwa msumeno ili lienee upana, ambalo bila shaka lilitoka kwenye lori, nami nakisia Bedford. Chini kabisa jani fupi lisilo la kampuni yoyote. Lina alama za nyundo toka mwanzo hadi mwisho.

Huyo aliyelifua simjui, lakini kazi yake naijua, maana nimekaa sana kwa wahunzi wa namna hiyo. Nilikuwa natumwa na mwalimu wangu kwa mzee mmoja wa Kimwera upande wa Mtama, nikipeleka jani lililokatika na jani zima la kupimia. Alichora umbo la jani zima kwa mkaa juu ya sakafu ya udongo. Alipuliza mivukuto, akachochea makaa ya mti mgumu, akaweka kipande cha springi ya lori. Hakukisia joto kwa rangi peke yake. Alikuwa na sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio mbovu, ameifunga kwenye waya. Chuma kikipata moto wa kutosha sumaku haikishiki tena, na hapo ndipo alipokikunja kufuata mchoro. Halafu akakipasha tena na kukichovya kwenye pipa la oili chafu. Maji hakuyataka. Chuma cha springi ukikitumbukiza kwenye maji kinapasuka, wakati mwingine hukuoni kupasuka huko mpaka ufike Nangurukuru na abiria. Kikitoka kwenye oili kinakuwa kigumu kupita kiasi, ukikipiga kinavunjika, kwa hiyo alikirudisha juu ya makaa kwa moto mdogo, akikipitishia kijiti kikavu mara kwa mara. Kijiti kikianza kuteleza na kutoa moshi, anakitoa na kukiacha kipoe chenyewe kwenye mchanga, watoto wakikatazwa kukisogelea.

Viwanda vinafanya mambo hayohayo kwa tanuri na vipima joto. Mzee yule aliyajua kwa sumaku na kijiti, na jani lake lilikuwa zito kuliko la asili, gari likawa gumu, ukikaa nyuma meno yanagongana. Lakini lilifika.

Miaka aliyohitajika zaidi naikumbuka vizuri. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977 na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983. Spea nyingi za Land Rover zilikuwa zikishuka kutoka Nairobi. Ikafuata vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, ikala magari na fedha za kigeni. Uagizaji wa magari na spea ulikuwa mikononi mwa shirika la umma, na mgao ulipogawanywa, Lindi na Mtwara tulikuwa mwisho wa foleni, si kwa chuki, ila spea iliyofika Dar es Salaam mwezi Februari haikuwa na njia ya kuja kwetu mpaka Juni. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, boksi la kwanza la bushi mpya nililoliona lilifunguliwa gerejini kwetu mbele ya watu waliokusanyika kutazama. Katikati ya miaka hiyo gari lilikwenda kwa mhunzi au halikwenda. Jani la Bedford na jani la nyundo kwenye gari la Masoko, kama naruhusiwa kukisia, ni watoto wa kipindi hicho.

Bushi nazo, kabla springi haijatoka, zilikuwa na habari zake. Bushi ya Land Rover ina ganda la chuma nje, mpira katikati, na kijibomba cha chuma ndani inamopita boliti ya sheko, yale mashikio ya vibamba viwili yanayoiunganisha springi na chesisi. Pwani, boliti na kijibomba vinashikana kwa kutu vinakuwa kitu kimoja. Kijana wangu msaidizi alishachukua nyundo kubwa. Nikamzuia, kwa sababu vile vibamba viwili vya sheko havifanani: kimoja kina tundu la kawaida, cha pili kina thredi, na boliti imeingizwa humo kwa kuzungushwa kabla ya kufungwa nati ya nje. Ukiigonga bila kuifungua unaharibu kibamba, na ukiendelea kugonga unararua kishikio cha chesisi. Niliona gari zima likitupwa kwa ajili ya ujinga huo. Tukakata boliti pande zote mbili kati ya sheko na jicho, springi ikaanguka. Halafu kazi chafu: unachoma mpira kwa moto mpaka unayeyuka, na moshi wake si wa kuvuta, kaa upande wa upepo, kijibomba kinatoka. Ganda la nje unalikata kwa ndani na jino la msumeno ulilolipitisha tundu, urefu wote, bila kugusa jicho lenyewe, kisha tindo ndogo inalikunja na kulitoa. Ni kazi ya uvumilivu. Mwenye haraka aende akauze vocha.

Upande wa kushoto sikukuta bushi. Nilikuta miduara ya mpira wa tairi la lori, imekatwa kwa kisu na kusokomezwa kwenye jicho, na ilikuwa bado inafanya kazi, kwa shida. Hiyo ilikuwa desturi yetu, hata sisi gerejini tulikata matairi. Kuna fundi wa Nangurukuru aliyechonga bushi za mpingo na kuzipaka grisi, watu wakaja kuzisikiliza, kwani lile gari lilikuwa linalia njia nzima kama fisi. Lakini halikukwama.

Nilipogonga vishikio vya springi kwenye chesisi sikuamini: vilikuwa vizima kuliko sehemu nyingine yoyote ya gari. Kijana akacheka, akasema baba yake alikuwa akipakaza huko sifa, yale mafuta ya ini la papa wanayopaka majahazi, na kwamba utotoni aliona haya kupelekwa madrasa na gari linalonuka hivyo na kufuatwa na paka. Mjomba wa mamake alikuwa na chombo Kilwa Kivinje, ndiko alikopata. Nimewaona wengine wakipaka deheni, ile ya chokaa na shahamu, wakidhani kilicho kizuri kwa jahazi ni kizuri kwa gari. Sivyo. Chokaa ikikauka inapasuka, maji ya chumvi yanajificha nyuma yake na kula chuma bila kuonekana. Sifa inapenya. Siku hizi papa ni wachache na ni vyema waachwe, mimi napaka oili chafu iliyochanganywa na grisi, kila mwaka kabla ya masika, na ninasugua kwanza kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Asiyesafiri barabara ya Kusini kabla ya daraja la Rufiji hawezi kuelewa kwa nini watu walijitesa hivi. Kutoka Dar es Salaam hadi Lindi hazitimii kilomita 500. Kiangazi, ukibahatika pantoni pale Rufiji, ilikuwa safari ya siku mbili. Masika haikuwa safari. Malori yalipangwa foleni Ndundu, penye pantoni, yakisubiri mto, matingo wakipika, wachuuzi wakihamia, na kati ya Ndundu na Somanga, kama kilomita 60 za udongo mweusi wa mfinyanzi, gari liliweza kuzama likaonekana bodi tu. Watu wa mjini walipanda meli au walikaa nyumbani. Mabasi ya Teeteeko, watu wa umri wangu wanayakumbuka, yalikuja yamepakwa matope mpaka juu ya vioo. Kila dereva mwenye akili alibeba jani moja la akiba na kamba ya katani ya mashamba ya Lindi. Springi ikikatika porini unakata mti, unaubana kati ya ekseli na chesisi, unafunga kamba mpaka vidole vinauma, na unatembea pole hadi penye fundi. Nimepokea magari yaliyofika namna hiyo yakiwa na abiria wote ndani, wamelala.

Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003, mita 970 juu ya Rufiji. Rais Mkapa mwenyewe alikuwa mtu wa Masasi na alizijua foleni za Ndundu. Kipande cha Ndundu hadi Somanga kilichelewa, kikakamilika lami katika muongo uliofuata, na kuanzia hapo mtu anakula chakula cha asubuhi Lindi na cha jioni Kariakoo. Sina kinyongo. Nimezika majirani waliofia njiani kwenda hospitali ya Muhimbili. Anayeililia barabara ile ya zamani hakuwa na mgonjwa. Ila wahunzi wa springi walikwisha. Yule mzee wa Mtama alikufa, wanawe wanauza simu. Gari linalokuja gerejini sasa ni Noah au Coaster, na springi zake ukizikuta zimechoka unaleta nyingine kwa basi la usiku, asubuhi unafunga. Mwezi Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara pale Somanga, foleni ya mabasi ikasimama tena, nikapigiwa simu na vijana ambao hawajawahi kuona gari limekwama siku nzima, wakiuliza wafanye nini. Nikawaambia wapike.

Kijana wa Masoko alikuwa na swali lingine, na ni la haki. Ameona kwenye simu watu wanatoa springi za majani na kuweka za koili, gari linakuwa laini. Akauliza kwa nini tusifanye hivyo. Ni kweli kwamba koili ni bora. Rover wenyewe walijua, wakaiweka kwenye Range Rover mwaka 1970 na kwenye ile One Ten mwaka 1983, na tangu hapo hawakurudi nyuma mpaka uzalishaji wa Defender ya zamani, mrithi wa One Ten hiyo, ulipofungwa Januari 2016. Majani yanasuguana, kutu ikiingia kati yake springi nzima inakuwa gogo. Koili haina tatizo hilo. Lakini koili haisimamishi ekseli mahali pake, unahitaji mikono ya kuishika mbele na nyuma, maana yake ukate na kuchomelea chesisi ambayo sifa ya papa imeitunza miaka mingi. Sikukubali, na nilimwambia akitaka hivyo atafute fundi mwingine nami nitamwonyesha nyumba yake. Akasema, "Basi Babu, iwe kama ulivyosema." Nadhani alichoka kulala kwenye mkeka.

Kufunga kulikwenda upesi kuliko kufungua. Majani ya springi mpya tuliyapaka grisi ubavuni, boliti zote za bushi tukazipaka pia ili atakayekuja baada yangu asitukane. Kichwa cha boliti ya katikati lazima kiingie kwenye tundu lake kwenye kikalio cha ekseli. Kisipoingia, gari linatembea upande. Msaidizi wangu alitaka kukaza boliti za bushi gari likiwa juu ya magogo, kwa kuwa ndipo mikono inapofika kwa raha. Hapana. Gari likiwa hewani springi imening'inia, ukibana bushi hapo mpira unashikwa ukiwa umekaa vibaya, na gari likishuka unasokoteka, miezi michache umechanika. Tunazifunga kwa mkono, tunashusha gari, tunamwita jirani na wanawe wakae nyuma, halafu tunaingia chini na kukaza. Yuboliti tunakaza kwa zamu, pembe kwa pembe.

Likasimama juu nyuma, limenyanyua mkia, kijana akaingiwa na wasiwasi. Springi mpya hukaa hivyo, zitashuka zikizoea mzigo. Tukaliendesha hadi Nangurukuru na kurudi, tukipitia Kivinje, nikaingia tena chini na spana. Nati zote za yuboliti zilikubali kuzunguka kidogo. Atazikaza tena baada ya mwezi, nimemwandikia ukutani.

Majani ya zamani alitaka kuyapeleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu wanaopima kwa kilo. Nikayabeba mwenyewe hadi kwa fundi jahazi wa Kivinje, ambaye alikuwa akitafuta chuma cha tezo kwa muda. Yale membamba ya kiwandani aliyatazama akayaweka kando. Jani la nyundo alilikwaruza kwa tupa, akasema ni gumu mno, litampasukia. La Bedford akalichukua bila kubishana bei, na fedha yake ilitosha chakula cha mchana cha watu watatu na kopo la grisi.